Kupanda tyubu ya kuvutwa na boti: mwongozo kamili kwa mgeni wa mchezo huu akiwa likizoni ufukweni

Mtu aliyelala juu ya tyubu inayovutwa na boti hana usukani, hana breki, na sauti yake haimfikii nahodha kwa sababu ya mngurumo wa injini. Vitu viwili tu viko mikononi mwake: ishara anazotoa, na uamuzi wa kuachia mishikio. Mengine yote, yaani mwendo, kona, urefu wa kamba na umbali kutoka kwenye mwamba, huamuliwa na mtu mwingine. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa nchi kavu muda mrefu kuliko majini. Safari yenyewe huwa ya dakika chache, na ubora wake hupangwa kabla kamba haijakaza.

Hatua ya 1: Chagua tyubu inayokufaa

Kuna tyubu ya duara, yenye tundu au kitambaa katikati, ambayo mtu mmoja huketi ndani yake miguu ikining'inia ukingoni. Hii huzunguka na kuteleza ovyo. Kuna tyubu bapa, pana kama godoro, ambayo mtu mmoja hadi watatu hulala kifudifudi wakishika mishikio ya mbele. Kuna ya mtindo wa sofa, yenye mahali pa kuegemea mgongo. Halafu kuna ile ndefu ya umbo la ndizi, ambayo watu hukaa kwa safu wakiitagaa, kila mmoja na mshikio wake.

Kwa mtu mzima anayeanza, mimi ningechagua tyubu bapa, peke yake au na mwenzake mmoja wa uzito unaokaribiana na wake. Ukiwa kifudifudi uko karibu na maji, kwa hiyo hata ukianguka unateleza zaidi kuliko kudondoka. Sofa ni ya wale wanaotaka upepo na kicheko bila mapambano. Ndizi inafaa kundi, ila fahamu kwamba baadhi ya manahodha huimalizia kwa kuipindua makusudi, kwa kuamini kwamba abiria ndicho alichofuata. Kama hutaki, sema mapema.

Kadiri watu wanavyoongezeka juu ya tyubu moja ndivyo vichwa vinavyokaribiana. Kwenye kona wote hutupwa upande mmoja, na kiwiko au paji la uso la jirani ni gumu kuliko maji. Tyubu ya watu watatu iliyobeba wanne ni sababu tosha ya kuondoka.

Ukionyeshwa tyubu iliyotengenezwa ili ipae juu ya maji kama tiara, ikatae. Mwaka 2006 nchini Marekani aina moja ya tyubu hizo, zipatazo 19,000, iliondolewa sokoni baada ya watu kuumia na wengine kufa. Tyubu ikipaa, hakuna anayeiongoza, hata nahodha.

Hatua ya 2: Jipime mwenyewe kabla ya kupima bahari

Mchezo huu hutikisa shingo, kiuno na mabega. Mjamzito asipande. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya mgongo au shingo, bega lililowahi kuteguka, upasuaji wa karibuni, ugonjwa wa moyo au kifafa. Kama daktari wako hajakuruhusu, kaa kwenye boti ufurahie kuwatazama wengine. Aliyekunywa pombe asipande, na nahodha aliyekunywa asikaribiwe.

Kujua kuogelea si lazima uwe bingwa, lakini ni lazima uweze kuelea kwa utulivu ukiwa na jaketi la kuokolea, uso ukiwa umelowa, bila kupaparika. Kama huna uhakika, jaribu kwanza kwenye maji ya kifuani. Vaa jaketi, lala chali, kisha geuka kifudifudi na ujirudishe chali. Ukishindwa hapo, katikati ya bahari hutaweza.

Kwa watoto, fuata umri na uzito ulioandikwa kwenye tyubu yenyewe, na usiwachanganye na watu wazima kwenye tyubu moja wakati mwendo ni wa watu wazima.

Pia soma bima yako ya safari kabla hujaondoka nyumbani. Baadhi ya bima hazigharamii michezo ya kuvutwa na boti, nyingine hutaka itajwe waziwazi.

Hatua ya 3: Chagua saa

Katika fukwe nyingi za tropiki asubuhi bahari huwa shwari. Kadiri jua linavyopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupaa, na upepo kutoka baharini huja kuziba nafasi yake. Alasiri maji huwa yamechafuka, na tyubu inayopita juu ya viwimbi vifupi hugonga mfululizo kiasi cha kuumiza kiuno. Asubuhi pia nahodha hajachoka na kamba haijavuta watu thelathini.

Uliza habari ya maji kujaa na kupwa. Mahali penye matumbawe, maji yakipwa mwamba uliokuwa mbali chini unakuwa karibu na magoti yako. Maji yaliyojaa ni salama zaidi, na nafasi ya boti kugeuka huwa kubwa. Ukisikia radi, hata ya mbali, toka majini na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 4: Kagua boti, kamba na watu wake

Hapa usione haya. Kuuliza si ujinga, na nahodha mzuri hufurahi kuulizwa. Anayekereka amekwisha kujibu.

Anza na watu. Boti inayovuta tyubu inahitaji watu wawili: mmoja wa kuendesha akitazama mbele, mwingine wa kuwatazama wapandaji muda wote. Nahodha anayegeuka nyuma kila mara kuona kama bado mpo hatazami anakokwenda. Ukiambiwa "tuna kioo cha nyuma, kinatosha", mpe mwenzako kazi ya uangalizi akae ndani ya boti, au achana na safari hiyo. Uliza pia kama nahodha huvaa ile kamba fupi inayomuunganisha na swichi ya injini. Akianguka majini bila kamba hiyo, boti inaendelea kwenda, na wewe uko nyuma yake.

Kisha kamba. Inatakiwa iwe ya kuvutia tyubu hasa, si kamba ya nanga, kwa sababu kamba inayonyumbuka sana ikikatika huruka kama kiboko. Urefu unaofaa ni kati ya mita 15 na 20. Fupi kuliko hapo, unamwagiwa maji ya injini na uko karibu mno na rafadha, yaani panga la injini linalozunguka majini kusukuma boti. Ndefu zaidi, tyubu inazagaa mbali kushoto na kulia. Kamba za kazi hii huuzwa kwa idadi ya watu: ya mtu mmoja hustahimili mvuto wa kilo 680 hivi, ya wawili zaidi ya kilo 1,000, ya wanne karibu kilo 1,860. Huhitaji kukariri namba hizo. Uliza tu, "Kamba hii ni ya watu wangapi?" Ipitishe mkononi utafute nyuzi zilizochanika, sehemu zilizochakaa kwa jua, na fundo. Fundo katikati ya kamba hupunguza nguvu yake kwa kiasi kikubwa, na pale ndipo itakapokatikia.

Tyubu yenyewe ibonyeze kwa goti. Ikizama sana, haina upepo wa kutosha; itajikunja kwenye kona na kukumeza. Kumbuka kwamba tyubu iliyoachwa juani hutuna kwa sababu hewa ya ndani imepata joto, halafu ikikaa kwenye maji dakika chache hulegea. Ibonyeze tena ikiwa majini. Angalia pia mishono ya mishikio na kitambaa kinachofunika vali.

Mwisho, muulize nahodha atakupitisha wapi. Tyubu huweza kuyumba upande wowote karibu na urefu wote wa kamba, kwa hiyo njia yake haina upana wa boti. Inahitaji maji matupu yasiyopungua mita 30 kila upande: hakuna waogeleaji, maboya, gati, boti zilizotia nanga wala mwamba. Jibu zuri huja na kidole kinachoonyesha mahali: "Tutatoka hapa, tutapita nje ya yale maboya, tutageukia kule."

Hatua ya 5: Valia safari

Jaketi la kuokolea ni la kila mtu, hata fundi wa kuogelea, maana aliyepigwa na maji akazimia haogelei. Liwe la povu, si lile linalojijaza hewa lenyewe. Hilo la kujijaza halikutengenezwa kwa kishindo cha kuanguka kwa mwendo. Vifungo viwe vitatu au zaidi na vyote vifungwe. Kisha mwambie mtu alivute juu kwa mabegani. Likifika masikioni, ni kubwa, omba jingine. Hili ndilo jambo ambalo watu hulipuuza zaidi, wakati jaketi kubwa huvuka kichwani mara tu unapogonga maji.

Ndani vaa fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu inayobana mwili. Inakinga jua, msuguano wa tyubu kwenye viwiko na mbavu, na hupunguza mchomo wa yavuyavu. Chini vaa kaptura inayobana, ya kitambaa kizito cha michezo ya majini ikiwezekana. Sababu si mitindo. Ukianguka kwa mwendo mkubwa miguu ikiwa imeachana, maji huweza kuingia kwa nguvu kwenye njia za mwili na kujeruhi ndani, wanawake hasa, lakini wanaume pia. Bikini ya kamba haizuii hilo, na mara nyingi hubaki baharini.

Pete, hereni, mkufu, saa na miwani viache boti au hotelini. Pete huweza kunasa kwenye mshikio na kung'oa ngozi ya kidole. Kamba zozote zinazoning'inia kwenye nguo zichomeke ndani. Ukiwa na glavu za michezo ya maji, zivae, viganja vitakushukuru.

Krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, isiyotoka kwa maji, ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kuingia majini, kisha irudiwe kila baada ya saa mbili. Usisahau nyuma ya magoti: ukilala kifudifudi, ndiyo yanayolitazama jua. Ila viganja vifute vikauke, maana mafuta na mishikio havipatani. Angalia pia sheria za unakokwenda. Hawaii, kwa mfano, tangu Januari 2021 imepiga marufuku uuzaji wa krimu zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe.

Hatua ya 6: Kubalianeni ishara na mwendo

Simama mbele ya mwangalizi, sio nahodha peke yake, mfanye kila ishara na airudie. Dole gumba juu: ongeza moto. Dole gumba chini: punguza. Kiganja kilichonyooshwa wima, kama cha askari wa barabarani: simama. Kidole kinachopita shingoni: zima injini. Kupapasa utosi: turudi ufukweni. Na baada ya kuanguka, mkono mmoja ulionyooshwa juu, au mikono miwili iliyoshikana juu ya kichwa: niko salama. Asiyenyoosha mkono achukuliwe kuwa ameumia, boti imfuate mara moja.

Ya mwendo yasemwe kwa namba. "Polepole" ya mgeni na "polepole" ya nahodha ni vitu viwili. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa watu wazima ni kilomita 32 kwa saa, na kwa watoto kilomita 24. Kwa mara ya kwanza omba muanze chini ya kilomita 20. Juu ya boti unaonekana mwendo wa kusinzia. Uso ukiwa sentimita chache kutoka majini, ni mwingine kabisa. Kama hamtaki kurushwa, sema hivi, mbele ya mwangalizi: "Nahodha, leo hakuna kutupindua wala kona kali." Wapandaji wakitofautiana, mwoga kuliko wote ndiye aamue.

Hatua ya 7: Panda na uondoke

Pandia kwenye maji ya kina cha kiunoni au kutoka kwenye boti, injini ikiwa imezimwa. Kuwa na gia huru hakutoshi, kwa sababu rafadha inaweza kuanza kuzunguka kwa kugusa mkono mmoja. Usikae nyuma ya boti ukisubiri zamu yako huku injini inanguruma: moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayolevya kabla hujajua.

Panda kwa nyuma ya tyubu. Lala kifudifudi, kifua kikiwa nyuma kidogo ya mishikio, viwiko vimekunjwa, miguu ikining'inia nyuma. Mikono ishike mishikio kutoka juu. Usipitishe kiganja, kifundo cha mkono wala mguu ndani ya kitanzi cha kamba, na usijifunge kwa namna yoyote. Siku ya kuhitaji kuachia, vidole vifunguke tu na uwe huru.

Hakikisha kamba haijapita juu ya mkono au shingo ya mtu. Nahodha aikokote tyubu taratibu mpaka kamba ikaze, ndipo uinue dole gumba. Boti ikiondoka, pua ya tyubu huelekea kuzama ikiwa uzito uko mbele mno. Jisogeze nyuma kidogo, na ikianza kuteleza juu ya maji rudi katikati.

Hatua ya 8: Kona

Kwenye mstari ulionyooka tyubu ni rahisi. Kona ndiyo mchezo wenyewe. Boti inapokata, tyubu inaendelea mbele na kutupwa nje, na ikiwa huko nje inazunguka duara kubwa zaidi kwa muda uleule. Tuseme boti iko mita 20 kutoka kitovu cha mzunguko na tyubu imefika mita 30. Mwendo wa tyubu ni mara moja na nusu ya ule wa boti: nahodha anasoma kilomita 24, wewe unakwenda 36. Na kwa kuwa nguvu ya kishindo hupanda kwa mraba wa mwendo, ukianguka hapo unagonga zaidi ya mara mbili ya nguvu uliyoitarajia. Nahodha anayejua kazi hupunguza moto kabla ya kona, hasubiri akiwa ndani yake.

Wewe egemea upande wa ndani ya kona. Shusha kidevu, ila usikigandamize kwenye tyubu, kwa sababu wimbi likija utauma ulimi. Tyubu ikivuka mawimbi yanayoachwa na boti huruka. Kunja viwiko na uache mwili ufuate, badala ya kujikaza. Baada ya kona kamba huweza kulegea kisha kukaza ghafla. Ukiiona imelala juu ya maji, jiandae kwa mvuto.

Nahodha akirudia kuzunguka duara lilelile, unakutana na mawimbi ya boti yenyewe kutoka pande mbili. Wengi huangukia hapo. Dole gumba chini halina aibu.

Hatua ya 9: Anguka vizuri

Wapandaji wengi huumia kwa kung'ang'ania. Tyubu imeinuka upande mmoja, mikono imenyooka yote, na mtu bado hajakubali. Akija kuachia, anaachia akiwa juu zaidi, kwa mwendo zaidi, na bega limekwisha kuvutwa. Kanuni yangu ni hii: viwiko vikishanyooka na nyonga zimetoka kwenye tyubu, achia. Mikono yote miwili kwa pamoja. Ukiachia mmoja unazungushwa.

Ukiachia, vuta kidevu kifuani, funga mdomo, toa pumzi puani, kunja mikono mbele ya uso na ubane miguu pamoja. Jiviringishe na maji. Usinyooshe mkono kuyazuia. Tyubu ya watu wawili ikianza kupinduka, jitupe upande wako, mbali na mwenzako.

Jaketi litakuinua. Nyoosha mkono juu, hata kama boti yako imekuona, ili boti nyingine zijue kuna kichwa majini. Kisha baki hapo hapo. Usiifukuze tyubu, usiogelee kuelekea boti.

Hatua ya 10: Kurudishwa

Boti inatakiwa ije polepole, wewe ukiwa upande wa usukani ili nahodha asikupoteze machoni, na injini izimwe kabla hujakaribia shetri, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Wala usiishike kamba inayoburutwa wakati boti inasogea.

Kurudi juu ya tyubu, shika mishikio ya nyuma, piga miguu kama unaogelea na ujivute tumbo likiwa chini. Ukishindwa, mwenzako akuvute kwa mabega ya jaketi, si kwa mikono. Ukishindwa mara ya pili, panda ngazi ya boti. Mikono iliyochoka haifai kurudi nyuma ya kamba.

Anayelalamika shingo au mgongo asinyanyuliwe haraka. Aelee chali kwenye jaketi lake, mtu amshikilie kichwa kikiwa sawa na mwili, na msaada wa tiba uitwe.

Baada ya safari

Kesho yake misuli ya mikono, mabega na tumbo itauma, na hilo ni la kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa au usingizi usio na sababu ndani ya siku moja au mbili, ambavyo huashiria ubongo umetikisika; kikohozi kisichokoma baada ya kuvuta maji; maumivu ya chini ya tumbo au damu; ganzi kwenye mkono. Dalili yoyote kati ya hizo ni ya hospitali siku hiyohiyo, likizo au si likizo.

Ukitamani zamu ya pili, kunywa maji, kaa kivulini, paka krimu upya, kisha kunja ngumi kwa nguvu. Vidole vikitetemeka, bado. Vikitulia, mwambie nahodha aanze na mwendo uleule wa mara ya kwanza na aongeze tu akiona dole gumba lako juu.